Mshenga Wangu Juu ya Gurudumu

Mimi ndiye mtu wa kwanza wa kilima chetu, juu ya Burungu, kupata diploma ya upimaji ardhi kutoka Ulaya, na sikuipata kwa kubebwa na mtu. Baba yangu alilima maharage na mihogo. Pesa ya shule ya misheni ilitoka mgongoni mwangu mwenyewe: kila likizo nilibeba maharage hadi soko la Masisi, na nikirudi nilibeba chumvi ya watu. Nasema haya mapema ili msomaji ajue ni nani aliyesimama siku ile chini ya gurudumu kubwa la chuma huko Ubelgiji, shingo imepinda, akitazama juu kama kuku aliyeona mwewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sitini, mwaka wangu wa mwisho wa masomo. Katika mji tuliosomea, watu wa kwetu tulikuwa wachache sana. Mmoja wao alikuwa binti kutoka Kashebere, kwenye barabara ya Masisi na Walikale, aliyesomea uuguzi kwa masista. Baba yake alifanya biashara ya barabarani: alipandisha mawese kutoka Walikale, akateremsha maharage kutoka Masisi. Kaka yake mkubwa, mwalimu, alikuwa ameletwa Ubelgiji kwa mafunzo mafupi, na juma lililofuata angerudi nyumbani.

Nilimtaka binti yule awe mke wangu. Kwa kuwa baba yao alikuwa mbali, kaka ndiye aliyesimama mahali pake. Akiondoka bila kusikia neno langu, nilikuwa nimekwisha, maana huko Kashebere kulikuwa na mwenye lori aliyekwisha kuanza kumuulizia.

Kwetu mtu hajisemei. Anayetaka mke hutuma mshenga, naye mwenyewe hukaa mbali. Haongei na wakwe, hali mbele yao, hata kivuli chake hakitakiwi kuonekana mpaka aitwe. Na mshenga lazima awe mtu wa upande wenu, anayewajua wazazi wako na njia ya kwenu. Nilitafuta katika mji mzima mtu wa namna hiyo. Alikuwapo mmoja tu, na ndiye yule ambaye nisingependa kumtuma hata kununua kiberiti.

Alikuwa mwana wa wafugaji wa milima ya juu ya Masisi. Tulisoma misheni moja. Mimi nilikuwa wa kwanza kwa hesabu, yeye kwa Kifaransa, na mapadri walipopata mgeni hawakumwita wa hesabu. Ulaya alisomea udaktari wa mifugo. Alikuwa mrefu, na koti lake alipewa bure na mama mwenye nyumba wake; langu nililinunua kwa jasho langu, na bado lake ndilo lililokaa vizuri mwilini. Nilipokuwa mdogo, ng'ombe wa kwao waliwahi kuingia usiku katika maharage yetu. Asubuhi baba yake alikuja kuomba radhi, akasema maneno matamu hata mama yangu akamletea kiti na pombe ya ndizi. Maharage yalikuwa yamelala chini, na sisi tulikuwa tunamshukuru kwa kuja. Ndivyo walivyo watu wale. Kusema kunawatoka kama maziwa.

Nikamtuma. Akakubali haraka mno, jambo ambalo pia halikunipendeza.

Kaka wa binti alikuwa ameomba ruhusa kwa masista ampeleke dada yake Jumapili kwenye bustani ya michezo iliyosifiwa sana nchini humo, akaione kabla ya kurudi. Mshenga wangu akaona hiyo ndiyo siku ya kufikisha neno. Nami nilitaka kuwa karibu. Kituoni, kabla hatujapanda treni, aliniweka kando.

"Kaka, weye utapanda behewa ya nyuma," aliniambia. "Na kule usitufuate karibu. Wakikuona, watasema nimetumwa na muntu hana adabu."

"Nitakaa mbali."

"Na usikule mbele yao."

"Desturi naijua kuliko wewe."

"Unaijua. Macho yako ndiyo haiijue."

Bustani yenyewe, niseme ukweli, iliniuma tangu mlangoni. Si kwa sababu ya muziki wala taa zilizowashwa mchana. Iliniuma kwa mifereji yake. Mimi ni mpimaji. Nikiingia mahali naangalia maji yanakwenda wapi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na hapakuwa na tope. Kila njia ilikuwa imeinuliwa kidogo katikati, maji yakiteremka pande zote kwa adabu. Watu walikuwa wamewapa farasi wa mbao njia nzuri kuliko ile tuliyo nayo sisi kati ya Masisi na Walikale, ambako lori huzama mpaka mwenye lori anajenga kibanda pembeni na kupika.

Walikuwa wamejenga mlima pia. Mlima wa saruji, umepakwa rangi ya majani, wenye pango la kupitisha treni ndogo na mbuzi wawili wa kweli waliofungwa juu. Watu walisimama katika mstari mrefu ili waingie ndani ya mlima huo, nami nikawaza vilima vyote vya Masisi ambavyo Mungu alivipanga bila saruji na hakuna anayelipa kuvipanda. Ndani ya nyumba za kioo vilikuwamo vinyago vinavyotikisa vichwa kwa umeme: wafalme, wachawi, mbwa mwitu aliyevaa kofia ya bibi. Mtoto mmoja aliniona nimesimama kimya kando ya kioo, akamwuliza mama yake kama mimi pia nawashwa. Mama akaona haya. Mimi nikavua kofia nikamsalimia mtoto kwa Kifaransa safi, ili ajue anasema na mtu mwenye masomo.

Lakini mambo hayo niliyaona kwa jicho moja. Jingine lilikuwa mbele, kwa wale watatu.

Walipanda mashua inayoteremka juu ya maji kwa kishindo. Mimi nilisimama nyuma ya mti. Kaka alikaa mbele kwa sababu ya ukubwa wake, na mshenga wangu akakaa nyuma na dada. Walipofika chini maji yaliwarukia, binti akacheka hadi akajishika tumbo. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. Nilikuwa nimemwona mara chache tu, kanisani, amevaa uso wa kanisani. Kisha wakapanda treni ile inayopanda polepole na kuanguka kama jiwe, na kwenye kona nilimwona ameshika mkono wa koti la mshenga. Koti lile la kupewa bure.

Nilijiambia: anafanya kazi yako. Mshenga asipokaa nao atasema nao vipi? Nikajibiwa na tumbo langu mwenyewe: na wewe je, umewahi kusikia mshenga anayefikisha neno huku akilowa?

Saa ya kula walikaa kwenye meza za nje. Nilikuwa na njaa kali, nikanunua viazi vya kukaanga vilivyofungwa katika karatasi, nikazunguka nyuma ya kibanda cha nyani ili nisionekane. Nilikuwa nimejaza mdomo nilipomwona kaka wa binti anakuja moja kwa moja, anatafuta choo. Nilisukuma karatasi yote ndani ya mfuko wa koti, viazi vikiwa moto, nikasimama kama askari. Hakunisalimia, maana hakutakiwa kuniona. Alinitazama mdomo, akatazama mfuko unaofuka moshi, akapita. Mafuta yalipenya hadi kwenye paja. Na kule mezani nilisikia sauti ya mwenzangu, nzito, tulivu, ikiendelea, na binti ameegemeza kidevu kwenye kiganja cha mkono akisikiliza.

Alikuwa anasema nini muda wote huo? Neno langu lilikuwa fupi. Mtu fulani, wa kilima fulani, anayemaliza diploma, anaomba. Mtu anaweza kulisema kabla viazi havijapoa.

Baada ya kula wakaenda kwenye gurudumu kubwa. Nadhani mnayajua magurudumu hayo: yana vyumba vidogo vinavyoning'inia, kila kimoja cha watu wanne, na yanazungusha watu angani taratibu ili waone nchi. Wao walikuwa watatu. Mzee wa tikiti hakutaka kiti kiende bure, akaanza kuita katika mstari: nani yuko peke yake, nani yuko peke yake.

Nilikuwa peke yangu tangu asubuhi. Nikaenda. Mpaka leo siioni sababu ya kujilaumu. Mtu aliyeitwa ameitwa.

Mlango ulifungwa, tukainuka. Magoti yangu yalikuwa karibu kugusana na ya kaka wa binti. Tulipita vilele vya miti. Kisha kaka akamgeukia mwenzangu, si mimi.

"Huyu iko nafanya nini hapa?"

"Papa," mwenzangu akamjibu kwa heshima, "mumuulize yeye mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kule chini."

"Kwetu muntu akituma mudomo, miguu inabakia nyumbani."

"Kaka, kiti kilikuwa wazi," nikasema.

"Kiti kilikuwa wazi." Alilirudia polepole, kama mwalimu anayerudia jibu la mwanafunzi mbele ya darasa. "Na huo wivu, nao ulilipiwa tikiti ao unapanda bure?"

Binti aligeuza uso nje, mabega yakimtikisika.

Kaka akamwuliza mwenzangu, "Mushenga, bado unamusemea?"

"Mudomo alinipa, mwenyewe ameuchukua. Aseme."

Basi nikasema. Nilianza na diploma.

"Diploma tuliisikia asubuhi," kaka akanikata. "Sema kitu ingine."

Nikasema baba yangu ana shamba lisilo na ugomvi, na mjomba wangu ndiye atakayekuja Kashebere kwa niaba ya ukoo. Gurudumu likasimama tukiwa juu kabisa. Chini nchi yao ilikuwa tambarare kama meza, mashamba yamekatwa kwa kamba, hakuna kilima hata kimoja cha kuegemeza macho. Sijui kwa nini, nikaanza kusema juu ya barabara. Nilisema nitarudi, nitaanza pale ambapo lori za baba yao zinazama, nitachimba mifereji pande zote mbili, maji ya Kashebere yatajifunza njia. Nilisema kwa moto. Nilijua ninalolisema.

Kaka alinisikiliza hadi mwisho. "Mufereji unanifurahisha," akasema. "Lakini si mimi unataka kuoa." Akamgeukia dada yake. "Weye umesikia nini?"

Alishika chuma cha kiti. Kichumba kilikuwa kinayumba kidogo kwa upepo.

"Tangu asubuhi niko nasikia habari ya muntu mumoja," akasema. "Mupole. Anasikiliza kabla ya kusema. Akikasirika, ananyamaza mpaka inapita. Yule nilishaanza kumupenda. Huyu alipanda hapa, simujui."

"Basi tumujibu nini?"

"Yule wa maneno ya mushenga akuye Kashebere kwa baba. Yule nitamuitikia. Huyu arudi kwa masomo yake."

Nimeonea wivu watu wengi maishani mwangu, na wengi wao walistahili. Lakini sikuwahi kufikiri nitamwonea wivu mtu mwenye jina langu, baba yangu na kilima changu, aliyekaa asubuhi nzima kwenye mashua na kwenye treni na mezani pamoja na msichana wangu, wakati mimi nimejificha kwa nyani.

Tuliposhuka, kaka alitoa hukumu yake fupi. Mjomba wangu aende Kashebere, atapokelewa. Ila mshenga huyu asitumwe tena kwao, kwa sababu mshenga aliyeonewa wivu na aliyemtuma maneno yake yameisha nguvu. Kisha akampeleka dada yake kula aiskrimu. Tukabaki sisi wawili.

"Nilikusema muzuri," mwenzangu akaniambia.

"Ulisema nini?"

"Kaka, maneno ya mushenga hairudiwe kwa mwenye kumutuma. Na weye ndiye unajua desturi kuliko mimi."

Nilirudi nyumbani na diploma yangu. Mjomba alipanda na kushuka vilima hadi Kashebere akiwa na mbuzi na pombe, akarudi na jibu nililolitaka. Mwenye lori akaoa kwingine. Tulifunga ndoa kanisani Masisi, na ile mifereji niliyoahidi juu ya gurudumu niliichimba. Anayepita kipande kile hadi leo asiulize kwa nini hachafui suruali yake. Kazi ile haikufanywa na mshenga.

Mwenzangu naye alirudi, akawa daktari wa ng'ombe katika milima ya kwao. Akipita, mke wangu humwita shemeji na kumpa kiti. Wanaongea habari za ndama na watoto. Nimemwuliza mara nyingi alisema nini asubuhi ile, anacheka, anasema muulize mke wako. Nikimwuliza mke wangu, anasema hayo yalikuwa maneno ya wakwe. Tukikosana, huweka chini alichoshika. Hunitazama kwa muda, kama mtu anayelinganisha vipimo viwili vya shamba moja, kisha huenda jikoni.

Jioni moja sikuvumilia. Alikuwa anachambua maharage mlangoni. Nikamwuliza kama yule mtu wa maneno ya mshenga aliwahi kufika Kashebere.

"Siku zingine anakuyaka," akasema.

"Na leo?"

Alipuliza maganda kutoka kwenye ungo. "Leo umekuya weye."

Kesho yake mwenzangu alipita na pikipiki akienda kuchanja ng'ombe. Nilikuwa mbele ya nyumba. Alipunguza mwendo, akangoja nimkaribishe. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba barabara mbele ni nzuri, imekauka, anaweza kwenda.