Tumbo la Jimi na maji ya Mama Nsimire

Wakati ningali mtoto, kwetu Cimpunda, mbwa hakuwa mnyama wa kuchezea tu. Koko, mama mzazi wa papa, yaani baba yangu, ambaye alikuwa ameikimbia vita huko Bunyakiri akaja kuishi nasi, alitufundisha kwamba mbwa halali mlangoni bure. Kitu kibaya kikitumwa kwa watu wa nyumba, kinakutana naye kwanza. Kwa hiyo mbwa akiugua ghafla, wenye nyumba wajiulize ni nani anayewataka.

Mbwa wetu aliitwa Jimi. Alikuwa mweusi, mwembamba, mwizi wa vyungu, na alinisindikiza hadi kona ya shule kila asubuhi bila kutumwa na mtu.

Jumapili moja ya kiangazi, tulipotoka misa, jirani yetu Mama Nsimire alituletea sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, amewakaanga mwenyewe. Alikuwa mjane, na binti yake Nsimire alikuwa rafiki yangu. Robine, yaani mabomba ya mtaa, zilipokauka, na zilikauka mara nyingi, tulichota kwake. Alikuwa na tangi kubwa la maji ya mvua lililofunikwa vizuri, na hakumfukuza mtu. Tulikula sambaza wote, na vichwa nikampa Jimi.

Kabla jua halijashuka Jimi akaanza kutapika. Alitapika chakula, kisha povu la manjano, kisha akawa anakaza tumbo na hakitoki kitu. Nyuma alikuwa anaharisha maji yenye damu. Alijivuta mpaka chini ya ngazi ya jikoni akalala huko, anatetemeka. Nilipomwita alisogeza sikio tu.

Papa alifanya kazi ofisini, na hakupenda maneno ya uchawi nyumbani mwake. Alichokora matapishi kwa kijiti, akakuta kipande cha mfuko wa plastiki na utumbo wa mbuzi uliooza.

"Ni hii," alisema. "Alikula kwenye takataka."

Koko alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Takataka anakula kila siku. Juu ya nini leo njo anagonjwa?"

Papa alikitupa kijiti. Mpaka leo nafikiri lile swali lilikuwa zuri, na kama papa angekuwa na jibu pengine mambo yangekwenda njia nyingine.

"Ni nani aliingia humu leo?" Koko aliuliza.

Maman, mama yangu mzazi, alimwambia Koko polepole, "Mama, ile sambaza tulikula sisi wote. Na tuko wazima."

"Muko wazima juu imbwa njo ilibeba ile kitu."

Papa alimwambia maman asimpe Jimi chakula chochote mpaka kesho yake. Akachemsha maji, akayaacha yapoe, akatia chumvi kidogo na sukari, akanionyesha namna ya kumpa: kijiko kimoja pembeni mwa mdomo, kungoja, kisha kingine. Ukimwachia anywe bakuli zima atalitapika lote, alisema. Nilikaa kwenye vumbi la jiko na kijiko changu. Maji mengine yalimwagika shingoni mwake, mengine alimeza. Ulimi wake ulikuwa umekauka kama kitambaa.

Koko alikuja akaniangalia. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mutoto wangu, achana naye. Kama anakufa, ile kitu inaishia kwake. Kama anapona, itatafuta mutu."

Nilimtazama Jimi, nikamtazama Koko. Kisha nikachovya kijiko tena.

Kesho yake aliacha kutapika. Maman alimpa maji ya wali, kisha wali wenyewe uliopondwa, kidogo kidogo. Siku chache baadaye alisimama, akatembea mpaka kwenye ua akiwa kama mlevi, akabweka mara moja. Nilifurahi, lakini furaha yangu ilikuwa na baridi ndani yake, kwa sababu Koko alikuwa ameketi mlangoni na alisikia.

Tangu siku hiyo Koko alikataza kitu chochote cha Mama Nsimire kisivuke kizingiti chetu, hata maji. Papa alibishana naye, lakini mchana kutwa alikuwa ofisini, na nyumba ilikuwa mikononi mwa Koko. Robine zilikuwa kavu. Basi tukaanza kuteremka na bidon zetu, yale madumu ya plastiki, hadi kwenye kijito cha bondeni, pale wanapofulia na pale mifereji ya mtaa inapomwagikia. Maman aliyachemsha maji hayo makaa yakiwepo. Koko hakungoja. Maji ya kuchemsha hayana ladha, alisema; kwao Bunyakiri walikunywa ya mtoni na walikomaa nayo.

Nsimire aliniuliza siku moja nikipita na bidon, "Kwetu hamukuye tena kuchota?"

"Koko amekataza."

"Tulifanya nini?"

Nilipandisha mabega. Nilikuwa najua, lakini kwa umri wangu sikuwa na maneno ya kumwambia mtu jambo kama lile.

Koko aliugua asubuhi moja, wakati tunajitayarisha kwenda shule. Lilikuwa tumbo. Yalimtoka maji meupe kama ya kuoshea mchele, na kufikia saa nne macho yake yalikuwa yameingia ndani na vidole vimekunjamana. Kwetu gari haliwezi kufika, kwa hiyo papa alimbeba mgongoni, akapanda naye vijia vyote vya Cimpunda hadi barabarani. Kwenye kituo cha afya walikuta watu wengine wengi wa bonde letu wamelala kwenye vitanda vya wagonjwa wa kipindupindu, vyenye tundu katikati. Muganga wa pale, yaani daktari, aliuliza swali moja tu: maji munachota wapi?

Koko hakuiona asubuhi ya pili.

Pale matangani hakuna aliyesema habari za kijito. Walisema imbwa ilipona. Nilisikia wamama wakinong'onezana hivyo huku wanamenya ndizi, wakimtazama Jimi, kisha wakiitazama nyumba ya jirani. Na Mama Nsimire akaja. Alikuwa amebeba bidon ya maji kutoka kwenye tangi lake, kama jirani yeyote anavyoleta alicho nacho kwa wafiwa. Wanawake walisogea, wakamwachia njia pana mno. Aliitua bidon chini, akasimama.

Papa aliinuka kati ya wanaume. Alichukua kikombe, akajimiminia, akanywa chote mbele ya watu. Akajimiminia tena, akanywa.

"Aksanti, mama," alisema.

Hakuna mwingine aliyekunywa. Bidon ilikaa pale mpaka matanga yakaisha. Kabla shule hazijafungwa Mama Nsimire alikuwa amehamia Mudaka, kwa kaka yake. Tangi lilibaki kwa mpangaji aliyelifunga kwa kufuli.

Jimi aliishi miaka mingi baadaye, na maman hakumpenda tena.

Sasa mimi ni mtu mzima mwenye watoto, na nimejaribu mara nyingi kumkasirikia Koko. Siwezi. Huko alikotoka, mabaya yaliyompata yalikuwa na watu nyuma yake kweli: waliochoma nyumba, waliochukua ng'ombe, wengine wakiwa majirani aliowajua kwa majina. Alizoea kumtafuta mtu nyuma ya kila balaa. Alitaka kutulinda, na ulinzi huo ndio uliomtoa kwenye maji safi ukampeleka kwenye machafu. Papa alijua kuponya tumbo la mbwa. Kuponya lile neno lililokwisha kusemwa hakuweza.

Nsimire nilimwona mara moja tu, mwaka jana, kwenye soko la Mudaka, akiuza maharagwe. Tulitambuana mara moja. Aliuliza habari za papa na maman, za mume wangu, za watoto, mmoja mmoja. Niliuliza za mama yake. Akasema anazeeka, magoti yanamsumbua. Alinipa salamu niwapelekee nyumbani. Hakuniambia nikaribie kwao, na mimi sikuuliza wanakaa wapi.