Nyigu wa Siku ya Posa

Harufu ya mchanga ulionyunyizwa maji hunirudisha Msambweni kila mara. Hapa Ukunda ninakokaa sasa ua wetu umesakafiwa wote, lakini jirani yangu ana kipande cha mchanga mbele ya mlango wake, na kila asubuhi akikifagia natamani nimnyang'anye ufagio nimwonyeshe kazi. Sijisifu bure. Nikiwa na miaka tisa, hakuna mtoto mtaani kwetu aliyenishinda kufagia uwanja. Mistari ya ufagio wangu wa chelewa ilinyooka kama ya daftari.

Mwaka huo walihamia nyigu wa mchangani mbele ya mlango wetu. Hao hawajengi sega. Kila mmoja huchimba kishimo chake na kuacha kirundo cha mchanga kando. Virundo vile viliniudhi kuliko miiba yao. Bibi alinikataza kuvigusa.

"Hawana neno na mtu hao, mjukuu wangu. Wewe pazunguke tu."

Nikapazunguka, roho ikiniuma, mpaka ikafika siku ya posa ya dada yangu Mwanasiti. Wageni walikuwa wanatoka Gazi kuleta barua ya posa, nami sikuona vipi watu wa heshima wapokewe na uchafu mlangoni. Bibi alipoingia jikoni kutazama mahamri, nilifagia uwanja wote, vishimo na virundo pamoja. Ulipendeza, wallahi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu langu lilikuwa bado zima.

Saa nne wakaja wawili: mshenga, aliyekuwa mzee mnene mwenye kanzu mpya, na shangazi wa Omari, kijana aliyekuwa akimposa dada. Nyigu nao walikuwa wanarudi kutoka mawindoni, na milango yao hawaioni. Walizagaa mbele ya kizingiti wakivuma, wengi kuliko nilivyowahi kudhani. Mshenga alipojaribu kupita, mmoja akamwingia ndani ya kanzu. Mzee wa watu aliruka! Ningecheka, kama nisingeuona uso wa Bibi.

"Jamani, hii si ishara njema," shangazi alisema akirudi nyuma. "Heri twende zetu, tuje siku nyingine inshallah."

Mshenga, aliyekuwa ameshatoa bahasha, akairudisha mfukoni. Nilijua aliyeyafanya yote yale ni mimi.

Kwetu, msichana anayeposwa haonekani siku hiyo. Hukaa chumbani akasikiliza tu. Dada Mwanasiti alitoka. Alipita katikati ya nyigu, akapiga magoti, akaanza kuondoa mchanga kwa vidole, taratibu, pale alipowaona wakichakura. Kishimo kimoja kikafunguka, nyigu akazama. Kikafuata cha pili, na cha tatu. Mmoja alimuuma kiganjani. Alifumba macho kidogo, kisha akaendelea mpaka mlango ukatulia.

"Shikamooni," alisema, bado amepiga magoti. "Karibuni ndani."

Shangazi akasogea mbele.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia mshenga. "Itoe hiyo barua, tunangoja nini?"

Kwa miaka mingi nimekisimulia kisa hiki nikijigamba kwamba dada yangu haogopi nyigu. Juzi nilikirudia mbele ya wanawe, naye akacheka mpaka akashika ubavu. Kumbe aliwaogopa kutushinda sote; msimu ule wote alikuwa akitokea mlango wa nyuma.

"Sasa siku ile ulitokaje?" nilimuuliza.

"Nilimsikia shangazi akisema waende zao. Mdogo wangu, mimi nilikuwa nampenda Omari. Nawe ulikuwa umeshamfagia pamoja na takataka."

Nilimwomba radhi palepale. Utotoni nilidhani posa ni shughuli ya wazee na barua zao, na kwamba kosa langu lilikuwa kuwaaibisha wageni. Haikunipitikia kabisa kwamba nyuma ya ukuta ule alikuwapo msichana aliyekuwa akihesabu hatua za wale wageni, akiomba zisirudi nyuma.