Upande wa Juu wa Mti wa Chai

Ahadi niliitoa mimi, mbele ya watu, kwa sauti kubwa. Sauti nyingine sina. Ilikuwa pale kituo cha majani, tunapopeleka chai ipimwe kabla lori la kiwanda halijafika. Mwalimu mmoja, jirani yangu, alikuwa anasimulia jinsi alivyowapeleka watoto wake Nairobi kwenye uwanja wa bembea. Alisema kuna gurudumu la chuma refu kuliko mkaratusi, lenye viti vinavyoning'inia, na ukifika juu kabisa unaona mji wote umetandazwa chini kama mahindi yaliyoanikwa. Watu waliacha kuchambua majani yao wakamsikiliza. Pale kituoni mtu wa kusikilizwa nilikuwa mimi.

"Likizo ya Agosti," nikasema, "wangu wote wanaenda. Na watapanda kila kitu. Hilo gurudumu ndilo la kwanza."

"Wote?" Mwalimu akamtazama kitinda mimba wangu, msichana, aliyekuwa amekaa ndani ya kikapu changu kitupu, kichwa tu ndicho kinaonekana. "Huyu hapana. Kwa hilo gurudumu kuna mstari umepakwa rangi ukutani. Mtoto asiyefikia mstari anarudishwa."

"Atafikia."

"Mzee, huo mstari haukujui wewe."

Watu wakacheka. Mtoto hakucheka. Alitoka kikapuni, akasimama wima kama askari, akaniuliza huo mstari uko juu namna gani. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, baba ameuona. Sikuwa nimeuona. Nairobi nilikuwa nimefika mara moja tu, kununua mota ya kinu, na nilichokiona ni barabara ya magodauni na hoteli moja yenye chai mbaya. Lakini nyumbani nilikuwa nimeshasema zamani kwamba hiyo bembea nimeipanda, na kwamba kule juu nilifumba jicho moja peke yake.

Huyo mtoto alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, wakati wa mvua kubwa, na mama yangu ndiye aliyemlea kando ya moto, amefungwa sweta yangu nzima. Akaishi. Lakini alibaki mdogo. Shuleni walimwita Kidole. Nguo zake zote zilikunjwa pindo mara mbili. Kila kitu alichotaka kufanya aliambiwa ngoja kwanza ukue: kuchota maji, kukamua, kupanda mpera na wenzake. Sasa baba yake alikuwa amesema mbele ya kituo kizima kwamba mwaka huu hataambiwa ngoja.

Mimi shule niliacha darasa la tatu. Nilichuma chai ya watu kule kwenye mashamba makubwa ya Kericho mpaka vidole vikawa vyeusi, nikanunua punda, punda akanipa pikapu, pikapu ikanipa kinu cha kusaga mahindi pale Silibwet. Hakuna aliyenishika mkono. Nyumba yangu ndiyo ya kwanza katika kilima chetu kuwa na tangi la saruji, na hilo tangi nililijenga mwenyewe, nikilipima usawa kwa kamba na mpira wa maji, na mpaka leo halijainama hata unene wa kucha. Kwa hiyo neno la mstari ukutani halikunitisha. Kitu kikiwa na kimo, mimi nitakipata kimo chake.

Kulikuwa na dereva aliyepeleka kabichi zetu Nairobi. Nikamwambia apite pale uwanjani anipatie hicho kimo.

"Nitakuandikia," akasema.

"Usiniandikie. Namba zinabadilika njiani. Niletee kamba."

Baada ya siku kadhaa akaniletea kamba ya mkonge, imefungwa fundo huku na huku. "Nimeipima kwa ule ukuta, kutoka chini mpaka mstari," akasema. "Yule askari wa mlangoni alinicheka mpaka akakohoa. Aliniuliza kama nataka kununua ukuta."

Niliingia nayo nyumbani nikiwa na furaha, nikamwita mtoto, nikapiga goti nimwekee kamba kisiginoni. Mama yangu, ambaye watoto walimwita kogo kama bibi wote wa kwetu wanavyoitwa, alikuwa amekaa mlangoni anamenya maharagwe. Hakuinua hata kichwa.

"Toa hiyo kamba kwa mtoto."

"Mama, napima tu..."

"Anayepimwa kwa kamba ni mtu ambaye hataamka. Huyu amelala?"

"Ni mambo ya bembea, mama."

"Bembea na ipimwe, basi. Mtoto wangu nilimtoa kwa mkono wa mvua, hutamwekea kamba nikiwa hapa nakuona."

Mtu anaweza kuwa na kinu na tangi, lakini kwa mama yake bado ni mtoto wa darasa la tatu. Nikaondoa kamba. Alikuwa na mambo yake, naye hakuwa peke yake. Wazee wetu hawakupenda pia watoto wahesabiwe kwa sauti. Dereva aliponiuliza watakaosafiri ni wangapi, nilimjibu kwamba ni wa kutosha pikapu. Hata hapa sitasema ni wangapi. Mama alishazikwa pale karibu na mpera, lakini sina hakika kwamba hasikii.

Ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Kama kamba haiwezi kumgusa mtoto, iguse kitu kingine, halafu mtoto asimame karibu na hicho kitu. Na kitu gani hapa kwetu kinakaa kimo kimoja? Chai. Anayejua kuchuma huulalisha ufito mrefu juu ya miti, akichuma kinachochungulia juu ya ufito tu, na kwa hiyo shamba lote linabaki sawa juu kama meza. Nilishuka na kamba kwenye mstari wa chai ulio karibu na nyumba, nikasimama kwenye kinjia cha ng'ombe, nikapima mti mmoja baada ya mwingine mpaka nikapata mmoja uliolingana na kamba fundo kwa fundo. Nikaufunga kitambaa chekundu.

"Huu," nikamwambia mtoto, "ndio mstari wa Nairobi. Siku kichwa chako kitakapopita juu ya hii meza, umeshapanda gurudumu."

Kinjiani kulikuwa na matope ya ng'ombe, kwa hiyo akazunguka akasimama upande wa pili, penye nyasi. Alikuwa amepungukiwa na vidole viwili hivi. Vidole viwili! Nilicheka peke yangu.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa na kazi mbili, kuchuma chai na kumrefusha mtoto. Alikunywa mursik asubuhi na jioni, yale maziwa yetu ya kibuyu yenye majivu, mpaka akawa na masharubu meupe. Alikula mayai, uji wa wimbi, parachichi. Ndugu zake walimning'iniza kwenye tawi la mpera wakimvuta miguu, mpaka mama yao akawafukuza kwa mwiko. Na kila alipotoka shule alikwenda kwanza kwenye mti wake kabla hata ya kuvua begi.

Mipango mingine ikaendelea. Wakubwa walichora safari yote nyuma ya kalenda, kutoka kwetu mpaka Nairobi, na kwenye kila mji wakaandika nani atakaa mbele kutoka hapo. Walipigana kwa sababu ya Narok. Mke wangu alikubaliana na dada yake aliyeishi Nairobi kwamba tutalala sakafuni kwake. Siku ya kuondoka tuliichagua kwa kuangalia chai: iangukie katikati ya mchumo mmoja na mwingine, majani yasije yakakomaa tukiwa kwenye bembea. Mama alisema haendi, atabaki na ng'ombe, na kwamba mtu akitaka kuona mbali apande kilima, ni bure.

Mwezi wa saba ulipoanza, mtoto alikuja mbio kinuni, nami nimejaa unga mpaka kwenye kope.

"Baba, nimepita!"

Nilifunga kinu, wateja wakiwa kwenye foleni. Nikaenda nikajionea. Alikuwa amesimama kwenye nyasi, na utosi wake ulikuwa juu ya majani kabisa, unaweza kuweka mandazi pale. Nilimbeba mabegani mpaka kituo cha majani nikamwonyesha mwalimu. "Mwambie mstari wako ujiandae," nikasema. Nilisema na mengine. Nilisema mimi na huyu binti tutakaa kiti kimoja, cha mbele. Sikujua kwamba gurudumu halina mbele.

Ikabaki wiki moja tusafiri. Mke wangu alikuwa anachuma kwenye mstari ule, nami nimesimama kinjiani namweleza nitakavyoegesha pikapu Nairobi. Mtoto akaja na gambuti zake za mpira, akapita kwenye matope, akasimama karibu na mama yake, upande wa chini.

Mke wangu akamtazama. Akatazama mti wenye kitambaa. Akaacha kuchuma.

"Baba watoto, kamba ulipimia upande gani?"

"Hapa, kinjiani."

"Na mtoto anasimama wapi siku zote?"

Nikageuka kumtazama. Mtoto alikuwa mbele yangu, ana gambuti, na meza ya chai ilikuwa juu ya kichwa chake kwa upana wa kiganja kizima. Shamba letu liko mlimani. Kila mti una upande wa juu, ambapo ni mfupi, na upande wa chini, ambapo ni mrefu. Kwa miezi yote hiyo mtoto hakupita chai. Alikuwa amebebwa na kilima.

"Tangi ulilipima na mpira wa maji," mke wangu akasema polepole, kwa lugha yetu. "Mtoto ukampima na macho."

Mtoto alirudi juu kwenye nyasi kuchuma maua. Hakuwa ameelewa. Mimi ndiye niliyebaki na moto kichwani.

"Atavaa gambuti kubwa," nikasema. "Tutajaza matambara ndani."

"Halafu?"

"Halafu nitaongea na huyo askari. Mimi najua kuongea na watu."

"Utaongea na chuma pia? Ule mstari umewekwa ili mtoto asichoropoke kule juu. Unafikiri waliupaka rangi wakukomeshe wewe?" Akafuta mikono kwenye leso. "Nenda umwambie. Usiponiambia umemwambia, hatuendi. Sitaki alie mbele ya watu wa Nairobi."

Nimewahi kumkabili chui aliyeingia zizini, na si hadithi, ngozi mama aliiona. Lakini kupanda zile hatua kumi za shamba kulinishinda mara mbili. Mara ya tatu nikafika. Nikamshika mkono nikamshusha kinjiani, nikamsimamisha upande wa chini, nikatoa kamba mfukoni nikaishikilia kwenye mti, fundo chini, fundo juu.

Alitazama muda mrefu. Kisha akapanda juu, akatazama kutoka huko. Akashuka tena.

"Kwa hiyo sikukua?"

"Umekua. Vidole viwili umekua kweli. Baba ndiye alikosea."

"Nimebakisha ngapi?"

Nikamwonyesha kiganja. Akauweka mkono wake juu ya wangu, akaona ni mikono yake miwili. Macho yalijaa, lakini hayakumwagika.

"Wewe unafikia?"

"Nafikia."

"Ni ukweli huko juu ulifumba jicho moja?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua. Nikamwambia sijawahi kuipanda, hata kuiona sijaiona.

Aliniangalia kama mtu anayekutana nami mara ya kwanza. Kisha akauliza kama huko kuna bembea nyingine zisizo na mstari. Nikamwambia dereva alisema kuna gari moshi dogo na farasi wa mbao wanaozunguka.

"Basi wao wapande gurudumu," akasema, "mimi na wewe tupande gari moshi. Usiniache chini peke yangu."

"Sikuachi."

Kwa kusema hivyo nilikiacha kiti changu cha mbele, nilichokitangaza mpaka sokoni Chepilat.

Siku ya kuondoka baridi ilikuwa ya Agosti yetu, ukungu umekaa juu ya chai, na watoto wote walipanda pikapu wamevaa nguo za Krismasi. Mama alifunga kifuniko cha kibuyu cha mursik kwa ile kamba ya mkonge, akakaza na meno. Alisema sasa imepata kazi ya kamba.

Pale Nairobi ule mstari ulikuwepo kweli, mwekundu. Nilitaka tuupite haraka, lakini mtoto aliniachia mkono, akaenda mwenyewe ukutani, akavua viatu bila kuambiwa, akasimama ameuegemeza mgongo. Askari akainama, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Bado kidogo, mama."

"Najua," akamwambia. "Ni kiganja. Nakuja mwaka ujao. Usiusogeze."

"Siwezi kuusogeza, ni rangi."

"Sawa."

Tukaenda kwenye gari moshi. Viti vilikuwa vya watoto, magoti yangu yalifika masikioni, na wanawake wawili waliosimama pale walicheka wazi. Tulizunguka kwa mwendo wa ng'ombe anayetoka kunywa maji. Tulipopita chini ya gurudumu aliinua mkono, akafumba jicho moja, akaanza kupima kutoka huko chini ndugu zake wako juu kiasi gani.

Tuliporudi, kituo kizima kilikuwa kinaningoja. Mwalimu ndiye aliyeuliza.

"Haya mzee, kule juu ulionaje?"

"Sikupanda," nikasema, kwa sauti ileile. "Nilipanda gari moshi la watoto. Na hakuna mzee mwingine katika kituo hiki aliyewahi kulipanda."