Miwani Mfukoni, Darubini Machoni

Nakumbuka siku moja ya mavuno ambayo nisingependa kuikumbuka, lakini wewe Rehema umenilazimisha. Jana umenitumia picha kwenye simu. Umesimama mbele ya duka pale Kibiti, darubini kubwa imekuning'inia shingoni, unacheka, na miwani yako haipo usoni. Kijiji kimekuchagua uwe askari wa wanyamapori huko Ngarambe, kikakuamini ukajichagulie chombo cha kazi. Nilipokupigia kukuuliza kama umeijaribu ukiwa na miwani, ukanijibu kwamba miwani utaivua tu, Baba Mkubwa, mbona jambo dogo. Simu ikakatika. Ukadhani ni mtandao. Haukuwa mtandao, mwanangu. Niliikata mwenyewe kwa hasira, na hasira hiyo ninayo mpaka sasa ninapokuandikia.

Nilikuwa na umri kama wako. Shule ilinirudisha nyumbani Mkongo na miwani minene kama vitako vya chupa, na vijana wenzangu wakanipa jina la Macho Manne. Nikawa naivua kila nikipita mbele za watu. Nilijikwaa kwenye visiki, nikawapita wakwe bila kuwaamkia, nikaitwa mwenye kiburi. Yote hayo nilikuwa radhi nayo, mradi nisionekane na vioo usoni. Nikimfikiria kijana yule leo natamani kumzaba kibao.

Unajua desturi yetu ya bondeni, ingawa ninyi mnaolelewa kando ya barabara mmeanza kuisahau. Mpunga ukiiva tunahamia shambani, tunajenga dungu, kile kibanda cha juu ya miti mirefu, na mtu mmoja anakaa humo kulinda. Walioko chini wanavuna wameinama. Hawainui kichwa kutafuta tembo, wanasikiliza debe analopiga mlinzi. Likipigwa mfululizo, kila mtu akimbilie dunguni. Likipigwa mara tatu polepole, ni salama, rudi kwenye jaruba lako, kipande chako cha mpunga. Hakuna anayeuliza mara ya pili.

Mwaka ule wakulima wa upande wetu walichanga wakapata uwezo wa kununua darubini, wakanituma mimi kwa kuwa nimesoma. Nikaenda Kibiti kwa muuza mitumba mmoja aliyekuwa nazo mbili. Moja ndogo, ya kawaida kabisa. Nyingine kubwa, nzito, inavuta vitu vya mbali mpaka unataka kuvishika. Dukani palikuwa na watu, basi nikatia miwani mfukoni kama kawaida yangu. Nikaelekeza ile kubwa barabarani, nikasoma maandishi ya lori lililokuwa mbali sana. Nikasema hiyo hiyo. Muuzaji alikuwa mtu mpole. Aliiona alama ya miwani puani kwangu, akaniambia, "Bwana mdogo, jaribu na miwani yako kwanza. Hiyo ndogo inaonyesha papana zaidi." Nikamwambia sina miwani. Mwanangu, nilimwambia sina miwani, na iko mfukoni mwangu.

Siku ninayoikumbuka mimi ndiye niliyekuwa mlinzi dunguni, na ilikuwa alasiri. Tembo wakatoka porini, nikapiga debe mfululizo, watu wakakimbilia chini ya dungu. Shangazi Mwajuma alikuwamo. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na jaruba lake lilikuwa la mwisho kule ukingoni. Mpunga wake ulikuwa umekwishakatwa, umelala chini, na mawingu yanakusanyika. Kila dakika ananiuliza kama wameondoka.

Nikainua darubini juu ya miwani. Nikaona kiduara tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na pande zote giza. Nikaivua miwani. Sasa naona vizuri ndani, lakini nikiishusha darubini shamba zima ni ukungu, sijui niielekeze wapi. Nikaivaa tena, maana shangazi ananiharakisha. Ndani ya kile kiduara wakaingia tembo wawili, wanatembea taratibu kurudi porini. Nikawafuata mpaka wakazama kwenye matete. Nikafurahi. Nikapiga debe mara tatu, polepole.

Tembo wa tatu alikuwa amesimama nyuma ya kichuguu, pembeni kidogo tu ya kiduara changu. Darubini ile ndogo ingemwonyesha. Hata macho yangu na miwani, bila darubini yoyote, yangemwona, lakini nilikuwa nimeng'ang'ania kile kiduara changu.

Shangazi alikuwa wa kwanza kurudi shambani, kwa sababu aliyepiga debe ni mwanawe. Nilimwona tembo akitokeza, nikapiga debe kwa nguvu zangu zote, lakini alikuwa ameshamfikia. Hakumkanyaga. Alimsukuma kwa kichwa, akamwangusha, akaenda zake. Nyonga ilivunjika. Tulimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani, na njia nzima hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Hospitalini nilikaa naye siku kadhaa. Halafu asubuhi moja akaniuliza niliwaona wangapi. Nikamwambia wawili. Akasema alidhani nilikuwa naliona shamba lote. Basi nikashindwa kujizuia, nikamweleza habari za dukani, na yale maneno ya muuzaji, na miwani mfukoni.

"Weye si kipofu, mwanangu," akasema. "Kipofu ningemsamehe. Weye una haya. Na haya yako ndiyo iliyonivunja miye."

Hakuinua sauti. Hakurudia tena mpaka alipofariki, na hakuingia tena shambani kuvuna. Unamjua, Rehema. Ndiye yule bibi uliyekuwa ukimshika mkono kumpeleka uani ulipokuwa mdogo. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini anachechemea, nami nikawa nakwambia ni uzee. Ulikuwa uongo. Sasa unajua.

Kwa hiyo usinijibu, nisikilize. Kesho panda gari urudi Kibiti na hiyo darubini yako. Ingia dukani umevaa miwani, na usiivue hata wakikucheka. Ile namba kubwa iliyoandikwa juu yake, iliyokufurahisha, ni ya kuvuta tu. Ikizidi, mkono unatetemeka nayo, na unachokiona kinakuwa chembamba. Shika darubini, yakunje chini yale mapete ya mpira unayowekea macho, au yazungushe yazame, maana hayo ni ya asiye na miwani. Kisha tazama. Unatakiwa uone duara zima, safi, bila giza pembeni, na jicho lako likiwa nyuma ya kioo chake kiasi cha upana wa kidole. Ukiona tundu la ufunguo, irudishe hata kama wanakupa bure. Hakikisha pia kingo zake hazikwaruzi miwani yako. Toka nje, inua, shusha, inua tena, kwa sababu kazi yako itakuwa hiyo kutwa nzima, na kati ya kuinua na kushusha hakuna nafasi ya kutafuta miwani mfukoni. Muuzaji akikushauri, msikilize. Na watakaokuita Macho Manne, waitikie. Hao ndio watakaokuwa wameinama shambani wakisubiri debe lako.

Nimekufokea, na sikuombi radhi. Nitatulia utakaponitumia picha nyingine kutoka mlangoni pa duka lile lile, miwani ikiwa usoni. Mwenyezi Mungu akulinde huko porini, akupe afya na moyo usioona haya, na kila utakapowaona tembo wawili, akuonyeshe na wa tatu.