Imeota

Maabara yetu ina neno moja la shambani. Tukichukua makohozi ya mgonjwa na kuyapaka kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, tunasema tumeyaotesha. Kesho yake ukifungua kabati la joto, wenzako wanauliza swali moja tu: imeota? Ikiota, mgonjwa ana mdudu na kazi ya kumtambua inaanza. Isipoota, tunashukuru. Nililizoea neno hilo hata nikasahau limetoka wapi, mimi niliyekulia Kisesa kwenye majaruba ya mpunga.

Mwaka ule tulikuwa kwenye utafiti wa bakteria wanaojificha wodini, na wenzetu wa lishe walikuwa wakifuatilia jinsi wagonjwa wa mapafu wanavyokonda. Ndipo baba yangu alipolazwa hospitalini kwetu. Kifua kikuu alitibiwa zamani akapona, lakini kilimwachia makovu kwenye mapafu, na kila msimu wa vumbi ulimpunguzia pumzi. Safari hii alifika mifupa mitupu. Daktari hakunificha kitu. Aliniambia dawa peke yake haitamwinua. Asipokula, misuli ya kupumulia itachoka kabla dawa haijafanya kazi.

Na baba hakuwa anakula. Kutafuna kulimkata pumzi, lakini naamini aibu ilimzidi. Mzee aliyezoea kula sinia moja na wanaume wenzake, leo ananyweshwa uji wa karanga na unga wa dagaa, kidogo kidogo kutwa nzima, kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mama aliupikia kwa dada yangu Mkolani na kuuleta bado wa moto. Baba alikunywa nusu kikombe, akasema ameshiba. Nilikuwa nakasirika mno. Kazini nawalisha bakteria damu ya kondoo, wanashiba na kuzaana, halafu baba yangu anashindwa na kikombe cha uji.

Majibu ya kwanza ya makohozi yake yalipotoka nilipanda ngazi mbio. Mama alikuwa bado hajafika. Nilimwamkia baba, nikamwambia huku nikitabasamu kwamba hakuna kilichoota. Alinishukuru kwa upole, akafumba macho.

Siku hiyo hakugusa uji kabisa. Alimwita kaka yangu, akamgawia jaruba la chini, akamwonyesha kwa maneno mahali anapotaka kuzikwa. Kaka alinifuata maabara amefura, akitaka kujua nimemwambia nini mzee. Nilirudi wodini, nikamuuliza baba kwa nini amekataa kula.

"Si umeniambia mwenyewe haikuota?" alisema. "Mimi mkulima, mwanangu. Nimeelewa."

Nikavuta kiti, nikamweleza kila kitu: kisahani, kabati la joto, na kwamba kwetu sisi kutoota ndiyo heri. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Alisema basi sisi ni wakulima wa ajabu, tunafurahi shamba likiwa tupu. Mama alipokuja, baba alimaliza kikombe bila kubembelezwa, na hatukumsimulia tulichokuwa tunacheka.

Tangu hapo akaniuliza kila nikimpitia, "Bado tupu?" Nami nikamjibu bado tupu, naye akanywa. Mmoja wa wale wenzetu wa lishe alimpima mkono kwa utepe wake, akaniambia umeanza kujaa. Nilianza kufikiria siku ya kumrudisha nyumbani.

Kisha homa ikarudi. Tuliotesha makohozi mapya, na nilipofungua kabati asubuhi nilimjua mdudu kabla ya kipimo chochote, kwa rangi yake ya kijani na ile harufu tamu kama zabibu. Ndiye yule tuliyekuwa tukimfuatilia kwenye masinki ya wodi mwaka mzima. Nilimjaribu kwa dawa zote tulizokuwa nazo. Alikuwa ameota mpaka kwenye kingo za vile vidonge vya dawa tunavyopanga juu ya kisahani, kama vile hatukuweka kitu. Nililia palepale, mbele ya wenzangu, sikujali.

Nilipofika kitandani mama alikuwa ameketi na kikombe mkononi. Baba aliniangalia usoni. Safari hii hakuuliza kama bado tupu.

"Imeota?"

"Imeota, baba."

Mama akainua mkono mmoja juu. "Asante Mungu," alisema. "Nilijua tu itaota."

Nikafungua mdomo nimweleze. Baba akatikisa kichwa kidogo, macho yake yakiwa kwangu. Halafu akanyoosha mkono kwa mama.

"Lete huo uji," alisema.

Alikunywa wote. Alipumzika kila baada ya funda, jasho likimtoka kwenye paji la uso, na alipomaliza alikiinamisha kikombe ili mama aone hakuna kilichobaki. Mama alifurahi, akakifuta kwa kanga yake.

Tulimzika Kisesa kabla majaruba hayajajaa maji, pale alipotaka. Mpaka leo mama akisimulia siku zile huwaambia wageni kwamba mzee aliondoka na habari njema, kwamba ile ya hospitali ilikuwa imeota. Wageni hunigeukia mimi mwenye kazi hiyo. Mimi hukaa kimya, maana baba ndiye aliyenikataza.