JavaScript mbele, Perl nyuma, na mtoto wa kilo kumi

Wakuu, habari za jukwaani. Haya niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi, na hadi leo mwili hunisisimka nikiyakumbuka.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikisoma shahada ya uzamili. Mimi na mwenzangu Deo tulitengeneza mfumo wa zahanati moja binafsi pale Igogo: kompyuta mbili, waya mmoja, kurasa zinafunguka kwenye browser.

Deo aliandika front end, yaani sehemu ya mbele anayoiona mtumiaji, kwa JavaScript: nesi anaingiza uzito wa mtoto, skrini inampa kipimo cha dawa ya malaria. Mimi niliandika back end, sehemu ya nyuma, kwa Perl, inayopokea uzito uleule na kuuhifadhi.

Kila mmoja alijaribu upande wake, na kila upande ulikuwa sahihi. (Hilo ndilo lililoniumiza kichwa kwa miaka.)

Nesi wetu, Sista Paskazia, alikuwa na mazoea ya makarani wa zamani: nafasi tupu mbele ya namba hujazwa sifuri, mtu asije akachomeka tarakimu. Kilo kumi na nane aliandika 018.

Asubuhi ya pili ya kuutumia mfumo akaniita, anacheka. "Mwalimu, njoo uone. Mashine yenu inasema huyu apewe dawa ya kifaranga."

Skrini ilimhesabu mtoto kuwa na kilo moja. Kwangu, kwenye Perl, zilikuwa kumi na nane.

Nikajaribu namba nyingine. 010 ikatoa nane.

JavaScript ya wakati ule, ikiona sifuri mbele, ilihesabu kwa mfumo wa nane, usio na tarakimu 8 wala 9: 010 ikawa nane, na 018 ikaishia kwenye 01. Perl iliipuuza sifuri hiyo. Mtoto wa kilo moja kila mtu atamshangaa. Wa kilo nane, nani atamshangaa?

"Sista, kuna aliyekuwa na kilo kumi au zaidi?"

Akaacha kucheka. "Mmoja tu, wa kilo kumi, yule wa Nansio kule kisiwani. Kaondoka na meli jana."

Mimi na Sista tulivuka na meli iliyofuata. Tulimkuta mtoto amelegea, homa imepanda tena. Tukamkimbiza hospitali, na nashukuru Mungu alipona.

Lakini mama yake ndiye aliyenimaliza. "Poleni na safari, baba. Kosa ni langu, kijiko changu cha kumpimia dawa ni kidogo."

Nilimweleza mara mbili kwamba kijiko chake hakikuwa na tatizo. Aliitikia kwa heshima tu. Sidhani aliniamini.

Tangu hapo, hesabu yoyote inayogusa mtu naifanya sehemu moja tu, nyuma, na mbele naonyesha jibu lilelile. Ninyi mnaochanganya lugha, mnazipatanishaje? Karibuni, hata wa kunikosoa.