Mparachichi wa Mpakani

Mparachichi uliomgombanisha mama yangu na baba mkubwa umesimama mpakani, kwenye mteremko wa Mlima Meru, pale ambapo masale, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, yameachwa hadi yamekuwa kichaka. Kila mmoja aliapa ni wake. Wazee wa ukoo wakachoka, wakasema Jumamosi kwenye kikao wanataka ramani ya kompyuta, kwa sababu kompyuta haina ukoo. Macho yote yakanigeukia mimi, ninayeishi mjini, mtaa wa Sakina, na mwenye laptop ya mtumba.

Nililizunguka shamba na simu nikichukua vipimo, nikataka kuviweka juu ya ramani ya zamani ya kijiji. Kazi hiyo hufanywa na programu isiyo na vitufe vya kubonyeza: unaiandikia amri, inatii. Mwenye laptop wa kwanza alikuwa ameacha humo toleo la kale, nami nikaweka jipya. Nikaandika amri. Shamba la mama likavuka mpaka, likameza mparachichi, likameza zizi, likaishia jikoni kwa baba mkubwa.

Mama alikuwa amekuja mjini kusubiri matokeo. "Mungu hamtupi mja wake," akasema.

Nilitamani sana kuamini. Lakini jikoni kule nimekula utoto wangu wote, na wazee wasingekosa kucheka. Nikaifuta programu mpya na kuiweka tena, mara tatu, nikiitukana kwa Kiswahili na Kimeru. Jibu lilikuwa lile lile. Nikampigia rafiki anayefundisha chuoni Makumira.

"Orodha ya njia inasemaje?" akauliza. Ndiyo orodha inayoionyesha kompyuta folda za kutafutia programu.

"Toleo jipya nimeliweka mwishoni."

"Mwishoni kwa nini?"

"Si limekuja juzi? Nimelikuta la zamani mbele, nikaona si vizuri kulipita."

Alicheka mpaka nikakasirika. "Rafiki yangu, hii siyo harusi! Kompyuta inasoma kuanzia juu. Ikimpata wa kwanza anayeitika, haiulizi mwingine. Na hilo la kale halijui kusahihisha ramani za zamani."

Ndivyo nilivyolelewa: mgeni hukaa nyuma, na mkubwa husema kwanza hata kama hajui kinachozungumzwa. Nikaipandisha folda mpya juu, nikafunga dirisha la amri, nikafungua jingine, nikaandika upya. Shamba likarudi nyumbani. Likakaa sawasawa juu ya masale, na mparachichi ukabaki nje, hatua mbili upande wa baba mkubwa.

Niliumia, nasema kweli. Mama aliitazama ile ramani.

"Hiyo kompyuta ilikuwa nzima kabla hujaitengeneza," akasema.

Kikao kilipangwa saa nne. Saa moja asubuhi tulikuwa shambani, mama akichuma parachichi zote, hata zile changa. Mimi, mtaalamu wa ramani, nilimshikia ngazi.